Kifungo cha Nje na Kazi ya Afisa wa Probesheni

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya na Tanzania, mtu aliyefikishwa mahakamani kwa kosa la jinai kisha akaruhusiwa kurudi kwao husemwa kuwa amepata "kifungo cha nje", na wasikilizaji wengi huyapokea maneno hayo kwa shaka, kana kwamba hakimu amelainika au kitu fulani kimepita chini ya meza. Jina hilo moja limebeba mambo mawili ambayo sheria huyatenganisha. La kwanza ni amri ya uangalizi, yaani probesheni, inayomweka mkosaji chini ya afisa wa serikali kwa muda maalumu na kwa masharti yaliyoandikwa, huku akiendelea kuishi nyumbani na kutafuta riziki yake. La pili ni amri ya huduma kwa jamii, inayomtaka afanye kazi ya manufaa kwa umma bila malipo. Yote mawili husimamiwa na maafisa wa ofisi moja, na yote mawili hutekelezwa machoni pa watu wanaomjua mkosaji kwa jina, wakiwemo wale aliowakosea, jambo ambalo ukuta wa gereza humwepushia mfungwa.

Nchini Kenya mizizi ya utaratibu huu iko katika sheria iliyotungwa mwaka 1943 na kuanza kutekelezwa mwaka 1946, ambayo leo inajulikana kama Sheria ya Uangalizi wa Wakosaji, Sura ya 64. Sheria hiyo inaipa mahakama uwezo wa kumweka mtu chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi sita na usiozidi miaka mitatu, baada ya kuzingatia umri wake, tabia yake, historia yake, mazingira ya nyumbani kwao, afya yake ya mwili na ya akili, aina ya kosa na mazingira ya kutendeka kwake. Inakwenda mbali zaidi, kwani katika mashauri ya mahakama za chini hakimu aliyeridhika kwamba shtaka limethibitishwa anaweza kutoa amri hiyo bila kuandika hukumu ya hatia, ili kosa moja la ujana lisimfuate mtu maisha yake yote. Kwa hiyo wanasheria husisitiza kwamba probesheni, kwa maana kamili ya neno, ni hatua inayochukuliwa badala ya adhabu, wakati adhabu yenyewe inabaki ikining'inia juu ya kichwa cha mhusika.

Sharti moja la sheria hiyo linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa. Kabla ya kutoa amri, hakimu analazimika kumweleza mkosaji, kwa lugha anayoielewa, maana ya masharti na matokeo ya kuyavunja, kisha amuulize kama yuko tayari kuyafuata. Gereza halimwombi mtu ridhaa yake, bali humfungia mlango akitaka asitake, lakini uangalizi hauwezi kuanza pasipo mkosaji kutamka kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mahakama, kwamba anakubali. Huenda mtu akakubali kwa sababu tu hataki kwenda jela, na si ajabu, ila hata ahadi iliyotolewa kwa woga humpa afisa mahali pa kuanzia, kwa kuwa miezi mitatu baadaye, kijana anapoanza kukwepa kuripoti, afisa anaweza kumrudisha kwenye neno alilolisema yeye mwenyewe.

Kabla ya amri yoyote kuna karatasi ambayo wananchi wengi hawajawahi kuiona ingawa mara nyingi ndiyo inayoamua mshtakiwa atalala wapi kwa miaka ijayo, nayo ni taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Mshtakiwa akikiri kosa, au hakimu akiridhika kwamba amelitenda, hukumu inaweza kuahirishwa kwa muda ili afisa wa probesheni achunguze na kuiambia mahakama huyu ni mtu wa namna gani. Hati ya mashtaka inataja jina, tarehe, mahali na kitu kilichoibwa. Haitaji kwamba mshtakiwa aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, wala kwamba yeye ndiye anayemlipia mdogo wake karo, wala kwamba hii ni mara ya tatu kwake kuahidi kuacha pombe. Hayo yote yako kule alikotoka, na mtu pekee katika mfumo mzima wa haki ya jinai ambaye wajibu wake ni kwenda kuyatafuta huko, bila kuwa upande wa mashtaka wala upande wa utetezi, ni afisa wa probesheni.

Kazi hiyo huanza na mshtakiwa mwenyewe, akiwa rumande au kwenye benchi la nje ya mahakama, kisha huhamia nyumbani kwao. Afisa mwenye uzoefu huisoma nyumba kabla ya kuuliza swali la kwanza: hutazama kama kijana ana pahali pake pa kulala au huomba hifadhi kwa jirani, kama nguo zake bado zimetundikwa ukutani au zimekwisha kugawiwa wadogo zake, kama mama anapolitaja jina la mwanawe huinua uso au hutazama chini. Hapo ndipo huanza kuuliza, na humuuliza kila mmoja peke yake, kwa maana mbele ya baba mambo mengi hayasemwi. Baada ya nyumbani huja zamu ya majirani, mwalimu wa zamani, aliyewahi kumpa kazi, na viongozi wa mahali: nchini Kenya naibu wa chifu na mzee wa mtaa, nchini Tanzania mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wa kijiji. Kila mmoja wao ana la kusema na kila mmoja ana sababu zake za kulisema, kwa hiyo afisa hulazimika kupima ni nani anayeeleza ukweli na ni nani anayetaka kulipiza ugomvi wa mpaka wa shamba kwa kumpeleka jirani jela.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha uzito wa karatasi hiyo. Vijana wawili wenye umri wa miaka 20 wamekiri, katika mahakama moja na siku moja, kuiba simu za thamani iliyo sawa. Taarifa ya kwanza inamweleza utingo wa matatu aliyepoteza kazi gari lilipouzwa, ambaye hajawahi kushtakiwa, ambaye mjomba wake ana gereji na yuko tayari kumpokea kama mwanafunzi wa ufundi, na ambaye aliyeibiwa amesema angependa zaidi kulipwa simu yake kuliko kumwona kijana huyo akifungwa. Taarifa ya pili inamweleza kijana anayeishi na kundi linalopora abiria kwenye kituo cha mabasi, aliyekwisha kuvunja masharti ya dhamana mara mbili, na ambaye majirani wanasema wazi kwamba akionekana tena mtaani watamchoma moto. Kwa hati za mashtaka peke yake hakimu angewaona vijana hawa kama pacha. Kwa taarifa mbili mkononi anaona kwamba wa kwanza anaweza kurekebishwa akiwa kwao, na kwamba kumrudisha wa pili mtaani leo hii, pasipo maandalizi, kunaweza kumgharimu uhai wake. Afisa anayeficha neno la majirani ili taarifa yake ipendeze hamtendei wema mtu yeyote.

Aliyekosewa naye ana nafasi yake katika uchunguzi huo, na nafasi hiyo imepanuka tangu Kenya ilipotunga Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa mwaka 2014. Zamani mwenye mali au mwenye jeraha alikuwa shahidi tu, aliyeitwa mahakamani, akaulizwa maswali, akaambiwa aende zake. Siku hizi afisa hupaswa kumfikia, kusikia hasara aliyoipata na hofu aliyobaki nayo, na kuyaandika hayo kwenye taarifa hata yasipopatana na pendekezo la afisa mwenyewe.

Ugumu wa wajibu huu ulionekana baada ya tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji, bila kumpa nafasi ya kusikiliza utetezi wa kupunguziwa adhabu, ni kinyume cha Katiba. Wafungwa walirudi mahakamani kuomba adhabu zao zipimwe upya, na majaji walihitaji kujua mtu huyu amebadilika vipi na kama kuna mahali pa kumpokea. Maafisa wa probesheni walitumwa kwenye vijiji ambako kosa lilitendeka miaka mingi iliyopita, wakawaketisha wazee waliobaki, wakazitafuta familia zilizokuwa zimezika na kunyamaza, na kuziuliza swali zito kuliko yote ambayo mtumishi wa umma anaweza kumuuliza mfiwa: kama yuko tayari kumwona aliyemuua ndugu yake akipita tena kwenye njia ile ile. Mwaka 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la mauaji peke yake, lakini kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kudhihirika kwamba kazi ya maafisa hawa haiishii kwenye makosa madogo.

Amri ikishatolewa, mkosaji huanza kuripoti. Miezi ya mwanzo huitwa mara kwa mara, pengine kila wiki, kisha nafasi kati ya ziara hupanuliwa kadiri afisa anavyoona hali inatengemaa. Masharti ya kawaida ni kuwa na mwenendo mwema, kutohama makazi bila kutoa taarifa, na kumpokea afisa anapokuja nyumbani, na mahakama inaweza kuongeza mengine kulingana na mtu, kama vile kutogusa pombe, kukaa mbali na mahali fulani, au kuhudhuria ushauri nasaha. Anayeyavunja anaweza kurudishwa mbele ya mahakama iliyotoa amri, na mahakama hiyo ina uwezo wa kumtoza faini na kuiacha amri iendelee, au kuifuta na kumpa adhabu ya kosa lile la mwanzo. Kuripoti peke yake, hata hivyo, hakumbadilishi mtu. Kutia sahihi kitabuni na kugeuka nyuma ni jambo ambalo hata mwizi mzoefu anaweza kulifanya kwa miaka mitatu bila kukosa, na ofisi inayohesabu sahihi ikidhani inahesabu mabadiliko inajidanganya.

Namna ya kumsaidia mtu abadilike ndiyo sehemu iliyochunguzwa zaidi na wataalamu. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Robert Martinson, alichapisha makala iliyoeleweka na wengi kuwa inasema hakuna mpango wowote wa kuwarekebisha wakosaji unaofaulu, na kwa miaka mingi kauli hiyo iliwapa nguvu waliotaka magereza zaidi. Wanasaikolojia waliofanya kazi nchini Canada, hasa Don Andrews na James Bonta, walijibu kwa kuonyesha kwamba baadhi ya mipango hufaulu na mingine hudhuru, na mwaka 1990 wao na wenzao waliweka kanuni tatu ambazo leo zinafuatwa na huduma za probesheni katika nchi nyingi. Ya kwanza inahusu hatari, yaani uwezekano wa mtu kurudia kosa, na inataka nguvu ya usimamizi ielekezwe kwa walio na hatari kubwa. Ya pili inahusu mahitaji yanayozaa kosa, kama ulevi, marafiki wahalifu, hasira isiyodhibitiwa na ukosefu wa kazi, na inataka afisa ayashughulikie hayo kabla ya mambo mengine. Ya tatu inahusu namna kila mtu anavyopokea mafunzo, kwa kuwa ushauri unaomfaa aliyesoma hadi chuo hauwezi kupelekwa vilevile kwa asiyejua kusoma.

Kanuni ya kwanza ina tokeo ambalo huwashangaza wengi, nalo ni kwamba kumsimamia kupita kiasi mtu mwenye hatari ndogo kunaweza kumharibu. Mama aliyekamatwa kwa kuuza mboga bila leseni, akiitwa kila wiki ofisini na kuketishwa darasani na watu waliozoea kuvunja nyumba, hupoteza siku za kazi, hujizoesha kujiona mhalifu, na hupata marafiki ambao asingewapata popote pengine. Wajibu wa afisa kwa mtu kama huyo ni kutambua kwamba kinachohitajika ni kidogo na kukomea hapo, uamuzi unaotaka ujasiri katika ofisi za serikali, ambako bidii hupimwa kwa wingi wa mafaili.

Wazo la mtu wa mahakama kuwa rafiki wa mkosaji lina historia ndefu. Mwezi wa Agosti mwaka 1841, mjini Boston, fundi viatu aitwaye John Augustus alimwekea dhamana mlevi mmoja mahakamani, akaahidi kumtunza, na akamrudisha baada ya wiki tatu akiwa mtu mwingine kabisa, hata hakimu akamtoza senti moja tu pamoja na gharama za kesi. Hadi alipofariki mwaka 1859 Augustus alikuwa amewasimamia watu karibu 2,000 kwa njia hiyo, bila mshahara wa serikali, na jimbo lake la Massachusetts lilitunga sheria ya kumwajiri afisa wa kwanza wa probesheni mwaka 1878. Uingereza ilianzia kwenye chama cha kanisa cha kupinga ulevi, ambacho kuanzia mwaka 1876 kiliwaweka wamisionari katika mahakama za polisi baada ya mchapaji Frederic Rainer kutoa shilingi tano kwa ajili ya kazi hiyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1907 iliugeuza utume huo kuwa kazi ya dola na kumpa afisa wajibu wa kumshauri mkosaji, kumsaidia, kuwa rafiki yake na, inapobidi, kumtafutia ajira inayofaa. Wazo hilo lilisafiri ndani ya sheria za kikoloni hadi Afrika Mashariki, Kenya kwanza na Tanganyika mwaka 1947, na ndani yake limebaki jambo zito lisilotatuliwa: rafiki huyo huyo ndiye anayeandika ripoti ya kukurudisha jela. Afisa mzuri halifichi hilo. Humwambia mkosaji tangu siku ya kwanza kipi atakiweka moyoni na kipi atakipeleka mahakamani, na uaminifu unaojengwa juu ya uwazi huo hudumu kuliko ule wa maneno matamu.

Huduma kwa jamii ni mpya zaidi Afrika Mashariki, na msukumo wake ulitoka ndani ya bara la Afrika. Mwezi wa Septemba mwaka 1996 wajumbe waliokutana Kampala kuzungumzia hali ya magereza ya bara hili walitoa tamko lililosisitiza kwamba kifungo kitumike pale tu njia nyingine zinaposhindikana. Zimbabwe ilikuwa imekwisha kuanza, katika miaka ya mwanzo ya 1990, kuwapeleka wakosaji wa makosa madogo kufanya kazi mashuleni na hospitalini badala ya kuwarundika gerezani, na mwaka 1997 mkutano mwingine ulifanyika katika mji wa Kadoma, nchini humo, ili nchi nyingine zijifunze. Kenya ilitunga Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii mwaka 1998, Uganda ikafuata mwaka 2000 na Tanzania mwaka 2002. Nchini Kenya amri hiyo inawahusu watu ambao kosa lao lina adhabu isiyozidi miaka mitatu, au ambao mahakama, hata kama sheria inaruhusu zaidi, inaona kwamba wangestahili miaka mitatu au pungufu, na kazi zinazotajwa ni pamoja na kutengeneza barabara, kupanda miti, kuhifadhi vyanzo vya maji, kukarabati shule na hospitali za umma, na hata utaalamu wa mtu, kwa maana kwamba fundi umeme anaweza kuagizwa kutandaza nyaya katika zahanati.

Kwa macho ya karibu, utekelezaji wake ni wa kawaida sana. Mkosaji hufika asubuhi kwenye zahanati ya serikali, huchukua fyekeo stoo, na jina lake huandikwa kwenye daftari la mahudhurio pamoja na saa aliyofika. Anayemsimamia ni mganga mkuu wa zahanati au mfanyakazi aliyeteuliwa naye, na afisa wa probesheni hupita siku asiyotarajiwa kulinganisha daftari na nyasi. Wagonjwa waliokaa kwenye foleni humwona, na wengi humjua. Kuna anayemsalimia na kuna anayegeuza uso. Baada ya wiki kadhaa, kama mambo yanakwenda inavyopaswa, ua limekuwa safi, saa zake zimekamilika, na hakulala usiku hata mmoja mbali na watoto wake, wala serikali haikununua unga wa kumlisha.

Mambo hayaendi hivyo kila mara, na kasoro kubwa haiko kwenye daftari. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai nchini Kenya, uliozinduliwa mwaka 2017 na Baraza la Kitaifa la Utawala wa Haki, ulionyesha kwamba mfumo huo huwaelemea zaidi maskini, na kwamba sehemu kubwa ya wanaokamatwa wanadaiwa kutenda makosa madogo. Mwanamke anayepika chang'aa huagizwa kufagia soko, na siku nyingi hulifagia vizuri, lakini jioni hurudi kwenye nyumba ile ile yenye watoto wale wale wenye njaa na mapipa yale yale nyuma ya jiko. Kama afisa hakumtafutia kikundi cha kina mama kinachokopeshana, au mafunzo ya ushonaji, au mtaji wa kuanzia genge la mboga, basi amri imemwadhibu tu na haijamrekebisha, na hakimu ajiandae kumwona tena. Hata hivyo kumpeleka gerezani ni kubaya zaidi kwa mama huyo, kwa sababu kanuni za magereza ya Kenya zinamruhusu mtoto mdogo kukaa na mama yake gerezani hadi afikishe umri wa miaka minne, na hivyo adhabu ya mtu mmoja hutumikiwa na wawili. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa mwaka 2010, zinazojulikana kwa jina la Bangkok, zinazitaka nchi zipendelee adhabu za nje kwa wajawazito na wanawake wanaotegemewa na watoto, na wenye kutoa hukumu katika Afrika Mashariki hawana sababu ya kusubiri kukumbushwa.

Wapo pia ambao nyumbani kwao ndiko kulikowaharibu, au ambao nyumba haipo kabisa. Kwa ajili ya vijana wa namna hiyo Kenya inazo hosteli za probesheni, kama ile ya Shanzu mjini Mombasa na ile ya Kimumu mjini Eldoret, ambako anayeangaliwa huishi kwa muda akijifunza ufundi, huku afisa akizungumza na familia kuandaa mapokezi. Waswahili husema mwana akinyea kiganja hakikatwi, lakini wazazi walioibiwa ng'ombe na mtoto wao wa kumzaa, kisha wakadaiwa na majirani kwa ajili ya wizi wake mwingine, hawaoni wepesi wa methali hiyo. Wanahitaji mtu wa kuketi nao zaidi ya mara moja, mtu asiyewalaumu, na kwa kawaida mtu huyo huwa ni afisa.

Maafisa hao hawatoshi kwa eneo wanalolihudumia, na katika kaunti za kaskazini mwa Kenya ziara moja ya nyumbani inaweza kumaliza siku nzima na tangi zima la mafuta ya gari, kama gari lipo. Kwa sababu hiyo Kenya iliazima fikra kutoka Japani, ambako sheria ya mwaka 1950 iliwatambua wananchi wa kawaida wanaojitolea kuwaangalia wakosaji mitaani mwao bila mshahara, na ambako idadi yao kwa muda mrefu imewazidi mbali maafisa walioajiriwa. Mwalimu mstaafu, mchungaji au mwanachama wa kamati ya msikiti anayeishi umbali wa kutembea kutoka kwa mkosaji huona mambo ambayo afisa wa wilaya hawezi kuyaona: ni nani aliyekuja usiku kwa pikipiki, na kama taa ya kibanda cha pombe ndiyo inayomvuta kijana kila jioni. Mpango huu unahitaji mafunzo na uangalifu, maana mtu wa kujitolea anaweza kugeuka mpelelezi wa kijiji au kutangaza siri za nyumba za watu.

Kishawishi kingine ni kuiacha kazi hii kwa simu. Uingereza ilitoa somo la gharama kubwa mwaka 2014, ilipoigawa huduma yake ya probesheni katika sehemu mbili na kukabidhi wakosaji wa hatari ndogo na ya kati kwa kampuni 21 zilizolipwa kwa mkataba. Miaka michache baadaye wakaguzi rasmi walikuta baadhi ya wakosaji wakiangaliwa kwa kupigiwa simu tu, na maafisa wao hawajui hata wanaishi nyumba ya namna gani. Mwezi wa Juni mwaka 2021 serikali iliirudisha kazi yote mikononi mwake. Nchi zenye uwezo mdogo kuliko Uingereza zina sababu nyingi za kutumia simu, na kumkumbusha mtu siku yake ya kuripoti kwa ujumbe mfupi ni jambo jema, lakini sauti ya simuni haionyeshi kama nguo bado zimetundikwa ukutani.

Muda wa amri ukiisha, afisa huandika ripoti ya mwisho na kulifunga faili, na hakuna sherehe. Ugumu unaofuata hauko tena ndani ya sheria ya probesheni. Mwajiri wa Nairobi au Mombasa anayetangaza nafasi ya mlinzi au dereva huomba cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na aliyetiwa hatiani kabla ya kuwekwa chini ya uangalizi hujua kwamba karatasi hiyo inaweza kumfungia mlango ambao mahakama ilikusudia kuuacha wazi. Ndiyo maana katika kazi hii fundi wa gereji aliye tayari kumpokea kijana ana thamani kubwa: hamwombi cheti, humpa spana namba 13, humwonyesha boliti ya kufungua, na husimama pembeni kutazama mikono yake.